Haifai kwa Watoto

Nyoka nimeshaua kwa jembe, na mkaguzi wa shule nimewahi kumwambia usoni kwamba hajui anachokagua. Kwa hiyo mtu asinihesabu katika waoga. Lakini Jumamosi ile, nikiwa na kompyuta ya shule juu ya meza ya chakula na filamu ya watoto ndani yake, nilifunga mlango kwa komeo saa nne asubuhi, nikavuta pazia, nikakaa mbele ya kioo chake kama mwizi.

Nilikuwa nimepewa kazi. Shule yetu hapa Mogitu ilikuwa imepata projekta, na mwalimu mmoja kijana wa sayansi, mtu wa kucheka hata pasipochekesha, akaleta filamu kwenye flashi. Alitaka darasa la sita na la saba waione Ijumaa inayofuata baada ya vipindi. Alisema ni filamu ya vituko vituko, inahusu mtoto wa kike anayekua, na watoto wataipenda. Mwalimu mkuu aliposikia hayo maneno, "mtoto wa kike anayekua," aligeuka akaniangalia mimi.

"Mwalimu, wewe ndiye wa malezi, halafu wewe ni mama," alisema. "Kaiangalie kwanza. Ukisema inafaa, inafaa. Ukisema haifai, haifai. Mimi nawaogopa wazazi."

"Na mimi unafikiri siwaogopi?"

"Wewe una mdomo," alisema, akanikabidhi kompyuta.

Ambalo sikumwambia ni hili: binti yangu mwenyewe alikuwa darasa la sita. Alikuwa na miaka kumi na miwili na nusu, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nauona mwili wake unabadilika nami nanyamaza. Nilivyolelewa mimi, mama hamwambii binti yake mambo hayo. Ni kazi ya shangazi. Shangazi wa binti yangu ameolewa Balangdalalu kwa watu wa ng'ombe, na alikuwa ameahidi kuja baada ya mavuno akae na mtoto, wazungumze. Mavuno yakapita, ng'ombe wakaugua, shangazi hakuja. Baba yake yuko kazini Babati, hurudi mwisho wa mwezi, na kwa jambo hili hata angekuwepo asingesaidia kitu. Basi kila wiki nikawa nasema wiki ijayo. Mimi ninayefundisha Kiswahili, ninayeweza kueleza ngeli za nomino saa nzima bila kumeza mate, nilishindwa kumwambia mtoto wangu jambo moja. Niliogopa kwamba litamfika yeye kabla ya mtu yeyote kumfikia.

Nilisubiri aende mazoezi ya kwaya, ndipo nikawasha. Pembeni niliweka daftari nililolipigia mstari katikati, upande mmoja dakika, upande wa pili maoni.

Filamu ilinichekesha kabla ya kunitisha. Ilikuwa ya nchi za baridi, na chini kulikuwa na maandishi ya Kiswahili ambayo mtu fulani aliyatafsiri kwa bidii. Msichana wa humo ameapa kwamba hatakua. Kila asubuhi anavaa kofia aliyoitia jiwe ili limkandamize. Ana bata kilema anayemvalisha soksi. Baba yake anaoka mikate, na mama yake ni marehemu, naye anaongea na huyo marehemu kwa simu ya zamani iliyokatwa waya. Niliandika: "Anampigia simu marehemu. Walokole watalalamika." Chini yake nikaandika: "Bata, hana tatizo."

Halafu ikaja dakika ya arobaini na moja. Msichana yuko jukwaani na wanakwaya wenzake, amevaa sketi nyeupe. Anajitazama. Anashuka, anatoka mbio, anapita mitaani na kofia yake ya jiwe, anaingia dukani kwa baba yake ambako watu wamepanga foleni, na anapiga kelele. Maandishi yakasema: "Baba, nimevunja ungo!" Foleni nzima ikapiga makofi. Baba akampa mkate wa moto.

Niliisimamisha filamu hapo. Kwa muda nilikuwa sipo Mogitu, nilikuwa Nambis, na nina miaka kumi.

Nambis nyumbani tuliongea Kiiraqw. Kiswahili kilikuwa kitu cha shule, tulikivaa asubuhi pamoja na sare na kukivua jioni. Neno la Kiswahili kwetu lilikuwa na maana moja tu, ile tuliyofundishwa. Ungo ulikuwa ungo, wa kupetea ngano na maharage.

Bibi yangu alikuwa na ungo mpana aliopewa na dada yake, na hakuruhusu mtu kuugusa. Sasa nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na mteremko mrefu wa nyasi, na mvua ikishanyesha nyasi zile zinateleza vizuri ajabu. Siku moja bibi alikwenda msibani. Niliukalia ungo wake, nikateleza nao mpaka chini. Mara ya kwanza salama. Mara ya pili salama. Mara ya tatu nikakutana na jiwe, na ungo ukapasuka kuanzia ukingoni hadi katikati. Nikauficha darini nyuma ya magunzi.

Haikupita wiki. Mwalimu wetu wa afya alikuwa ametoka Tanga, Kiswahili chake kinateremka kama maji. Katikati ya somo aliweka chaki chini akasema, "Wasichana, mnisikilize. Binti akishavunja ungo, si mtoto tena. Ajitunze. Akicheza cheza atapata mimba, na shule basi." Kisha akafuta ubao akaendelea na minyoo.

Nilikuwa nimevunja ungo. Na niliuvunja nikicheza.

Leo naisimulia watu wanacheka, na mimi nacheka nao. Siku zile hapakuwa na cha kuchekesha. Bibi alikuwa ameshatusimulia kwamba zamani msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa alitolewa nyumbani, akakae mbali na watu, asiguse mifugo wala chakula cha wengine, kwa sababu mkosi wake ungeua ukoo. Alisimulia hayo akichambua maharage, kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za hali ya hewa. Mimi nililala nayo. Nilijifunga kipande cha kanga tumboni ili lisichomoze. Nilikataa kushika ndama. Nilipokunywa maziwa nilimwaga yaliyobaki, nikiogopa mdogo wangu asije akayanywa akafa.

Asubuhi moja nikaona bora nijitoe mwenyewe kabla ya kutolewa. Nilichukua mahindi ya kuchemsha, nikafuata barabara ya Dongobesh. Nilikuwa nimesikia kwamba wasichana wa zamani walikwenda kupokelewa na watu wa ng'ombe, huko chini tambarare. Nilitembea mpaka jua likawa la utosi, mbwa wawili walinifukuza, nikapoteza kiatu kimoja nikaona aibu kukirudia.

Aliyenisimamisha alikuwa mama mmoja wa watu hao hao, ametoka mnadani, ana bangili za shaba mikono yote. Lugha yake sikuijua na yangu hakuijua, tukabaki na Kiswahili, ambacho hakuna aliyekuwa nacho cha kutosha.

"Wewe toto ya nani? Nakwenda wapi?"

"Nimevunja ungo," nilimwambia, nikaanza kulia.

"Navunja nini? Mkono?"

Akanishika mkono huu, akaukunja na kuukunjua, akashika na ule. Alipoona yote mizima akanipapasa miguu. Halafu alikaa chini kando yangu, akanipa maziwa kwenye kibuyu, na hakuondoka mpaka alipopita mtu wa Nambis aliyenifahamu. Yule mama ndiye mtu pekee aliyeniuliza siku hiyo nimevunja nini. Nyumbani hakuna aliyeniuliza. Nilichapwa kwa kutoroka, na ungo ulipopatikana darini nikachapwa tena. Nilihesabu miezi tisa. Mwezi wa kumi ulipoingia na tumbo likiwa lile lile, ndipo nikalala usingizi.

Kwa hiyo Jumamosi ile nilishika kalamu kwa hasira. Dakika ya arobaini na moja, niliandika: "Msichana anavunja ungo. Haifai kwa watoto." Nikapiga mistari miwili chini yake. Nikaendelea kutazama. Msichana akatoroka kwa treni na kijana mpiga tarumbeta, wakala embe juu ya mabehewa, wakabusiana, na muziki ukawa mtamu kana kwamba kutoroka ni sherehe. Niliifikiria barabara yetu, malori yanayopita hapa Mogitu kwenda Singida, na madereva wanaopunguza mwendo wakiona sketi ya shule. Nikaandika: "Haifai." Mimi neno moja la mwalimu lilinipeleka nusu ya njia ya Dongobesh. Filamu nzima ingempeleka wapi mtoto? Mwisho wa ukurasa nikaandika kwa herufi kubwa: "KWA UJUMLA, HAIFAI." Nikajiona nimefanya kazi ya ulezi.

Binti yangu alirudi kutoka kwaya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kula, chakula kipo."

"Ile filamu inahusu nini?"

"Bata," nilimjibu, nikafunga kompyuta.

Daftari lilibaki juu ya meza. Sikuona sababu ya kulificha, lilikuwa na mwandiko wangu tu.

Jumatatu nilimpa mwalimu mkuu jibu, naye akashusha pumzi kama aliyetuliwa gunia. Mwalimu kijana hakukubali. Alinifuata mpaka chini ya mti wa kengele.

"Mwalimu, hayo wameshasoma. Kubalehe ipo kwenye kitabu cha sayansi."

"Kitabuni kuna mchoro. Mchoro hautoroki na mpiga tarumbeta."

"Wataiona tu kwenye simu."

"Basi waione kwenye simu ya mama yako!" nilimwambia, na nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda.

Siku tatu baadaye, Alhamisi, nilirudi nyumbani saa kumi jioni, mlango umefungwa, mtoto hayupo. Kawaida hutangulia yeye. Nilipiga hodi kwa jirani, hakumwona. Nikarudi shuleni, mwalimu wake wa darasa akasema mtoto aliomba ruhusa saa saba akisema tumbo linamuuma. Saa saba! Masaa matatu mtoto yuko wapi? Nilirudi nyumbani mbio nikafungua kila kitu. Begi lake lilikuwa kitandani. Kanga yangu moja haikuwepo.

Sijui kueleza nilivyokwenda mpaka barabarani. Miguu ilikuwa inakwenda yenyewe. Lori lilipita likielekea Singida, nikalitazama turubai lake mpaka likapotea, na nikaanza kusema kwa sauti, peke yangu, "Mungu wangu, si hilo, si hilo." Mama anayeuza nyanya pale kituoni aliniita.

"Mwalimu, unamtafuta binti? Nimemwona mchana. Amefunga sweta kiunoni, anateremka korongoni."

Nilipaswa kuelewa hapo hapo. Sweta kiunoni, na jua linawaka. Mwanamke yeyote angeelewa. Mimi nilisikia neno korongo tu, kwa sababu juu ya mlima kulikuwa kumeshaanza kuwa kweusi na radi inanguruma. Siku hizi, tangu mlima uliposhusha tope na mawe likafukia nyumba za watu, mvua ikishika mlimani watu wa huku hunyamaza kwanza wakasikiliza. Mama wa nyanya naye alikuwa ameshageukia mlima. Niliacha viatu nikakimbia.

Nilimkuta chini kabisa, penye kidimbwi kati ya mawe. Amejifunga kanga yangu, amepiga magoti, anasugua sketi ya shule kwa mchanga. Vidole vilikuwa vyeupe kwa maji. Nilipiga kelele, nikaita jina lake kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia.

Aliinuka. Akaniona. Akarudi nyuma.

Nilisogea, yeye akarudi nyuma tena, hatua mbili, tatu, kuelekea juu ya korongo ambako maji yangetokea, amekumbatia ile sketi iliyolowa. Nilimwambia atoke, nikamwambia mvua ipo mlimani, na yeye anatikisa kichwa na kurudi nyuma. Nilimfikia kwa kuruka, nikamshika kiwiko, nikamburuta mpaka juu ya ukingo bila kujali mawe. Tulipofika juu tulikaa kwenye nyasi tukihema. Hapo ndipo nilipoiona vizuri ile sketi, na doa ambalo mchanga haukulitoa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona kwenye daftari."

"Uliona nini?"

Akasema kwa sauti ya mtoto anayesomeshwa shairi mbele ya darasa: "Msichana anavunja ungo. Haifai kwa watoto." Akaikamua ile sketi. "Nilimuuliza rafiki yangu kuvunja ungo ni nini, akanieleza. Na uliweka mistari miwili. Sasa leo imenitokea, na mimi bado mtoto. Nikasema nikifua vizuri hutajua."

Nililia pale, tena si kwa heshima. Nililia kwa kelele mpaka yeye akaniwekea mkono mgongoni. Halafu nilitafuta maneno. Nilitafuta ya Kiswahili, yote yalikuwa ya kuzungukazunguka. Nilitafuta ya Kiiraqw, nikakuta hakuna mtu aliyewahi kunipa. Mwishoni nikasema tu yaliyopo. Kwamba ni damu. Kwamba inaitwa hedhi, kwamba mimi ninayo kila mwezi, mama yangu alikuwa nayo, shangazi yake anayo. Kwamba haina kosa wala mkosi, na kwamba haifuliwi korongoni. Nilimwambia yanayofuata, yote, na mimba nikaitaja kwa jina lake, na jinsi inavyopatikana nikaisema wazi, nikiwa nimekaza macho kwenye nyasi. Chini yetu maji yakaanza kupita, kwanza membamba, ya rangi ya chai, kisha yakajaza pale penye kidimbwi.

Filamu ilioneshwa kesho yake. Asubuhi nilimwambia mwalimu mkuu kwamba nimekosea, akauliza nimekosea nini, nikamwambia hukumu yote isipokuwa ya bata. Nilisimama kando ya ukuta, na ilipofika dakika ya arobaini na moja nikaomba isimamishwe, nikaeleza darasa zima, wavulana kwa wasichana, kwa maneno yasiyo na ungo ndani yake. Wazazi wawili walikuja Jumatatu kugomba. Tuligombana. Mpiga tarumbeta naye sikumkata, lakini treni ile niliitolea hotuba ndefu mpaka watoto wakaguna.

Hayo yalikuwa ya baadaye. Pale juu ya korongo tulikuwa bado tumekaa, na tone la kwanza la mvua lilikuwa limetufikia. Nilijaribu kufanya mzaha kidogo ili atabasamu.

"Na wewe hukuogopa? Mvua ile, maji yale, unarudi nyuma tu?"

"Maji siyaogopi."

"Sasa ulikuwa unamwogopa nani?"

Aliniangalia kana kwamba nimeuliza swali la darasa la kwanza.

"Wewe," alisema.

Nilivua sweta langu nikamvalisha. Tukapanda kwenda nyumbani kwenye mvua, na njia nzima nilimshika mkono, nao ulikuwa umelegea ndani ya wangu, haukamati na haujitoi.